Shangazi, binti yangu ndiye anayesimama juu kabisa, na Septemba ana mtihani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke. Sisi ni familia ya sarakasi. Mume wangu alifundishwa na mjomba wake, ambaye miaka ya 1990 alikuwa anaruka kwenye kikundi kimoja kikubwa cha sanaa hapa Dar es Salaam. Naye akawafundisha watoto wetu mmoja mmoja, kila aliyepata nguvu ya kujishikilia kwa mikono. Uwanjani wanaingia mume wangu, mdogo wake wa miaka 22, kijana wetu wa kwanza ambaye ana miaka 18, binti yetu wa miaka 13, na kitinda mimba wa miaka minane ambaye kwa sasa anapiga samasoti za kufungulia tu. Mimi napiga ngoma, nashona mavazi na kukusanya tunzo.

Maisha yetu ni ya barabarani. Sikukuu za Idd tunavuka kwenda Unguja, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto pale Kariakoo, na mara nyingine tunafika mpaka Pemba, Tibirinzi. Mwisho wa Juni tunaingia Sabasaba. Agosti ni Nane Nane, mkoa wowote tutakaopata kazi. Desemba tunarudi pwani, kwenye hoteli na bustani za watoto. Hiace yetu ni ya zamani, mikeka na viti tunafunga juu, na tunalala tunapopata. Siyo maisha mabaya, Shangazi. Nyumba tunayokaa imejengwa kwa hizo samasoti.

Mwaka huu pale Sabasaba walikuja watu wa kampuni moja ya pembejeo, wakamtazama binti yangu. Baba yake anakuwa chini, baba yake mdogo anasimama mabegani kwake, na yeye anawapanda wote wawili mpaka juu kabisa. Anasimama kwa mikono juu ya viganja vya baba yake mdogo, halafu anakunja mgongo taratibu mpaka nyayo zinamfika mbele ya uso, anachomoa bendera ndogo kwa vidole vya miguu. Hapo ndipo noti zinapomwagika. Siku ile ile wakataja bei: tukavute watu kwenye banda lao Nane Nane Dodoma, pale Nzuguni, tarehe 1 hadi 8 Agosti, maonyesho manne kwa siku, kisha tuzunguke na gari lao la matangazo Singida na Tabora mpaka Agosti iishe. Shilingi milioni tatu na nusu. Sharti lao ni moja, huyo mtoto awepo.

Shangazi, huyo mtoto yuko Darasa la Saba. Mwalimu wake ameniita akaniambia waziwazi kwamba anaweza kufaulu, lakini akikosa Agosti nzima nisije kulaumu shule. Na kuna jambo lingine ambalo baba yake halijui vizuri. Tangu Aprili kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma na kiuno kinamuuma. Baba yake anamchua na dawa jioni anadhani yameisha. Asubuhi nikimpa nguo afue, anashindwa kukamua. Anafunga bandeji ndani ya mkono wa vazi ili isionekane.

Pia ameanza kuwa mkubwa. Pale uwanjani kuna wanaume wanajipenyeza mbele wanampiga picha na simu kutokea chini, na mmoja alitamka maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukiwa safarini tunalala chumba kimoja wote, na shemeji yangu humo humo. Sina baya la kusema juu ya shemeji, ila moyo wangu hautulii.

Nilipomwambia mume wangu kwamba binti abaki, aliniuliza, "Hizo hela ulikuwa unakula za nini miaka yote?" Siyo mtu mkali. Hajawahi kumwangusha mtoto hata mara moja. Lakini anasema nafasi kama hii haitarudi na mtihani unaweza kufanywa hata ukiwa umesomea kwenye gari.

Linaloniumiza zaidi ni binti mwenyewe. Hataki kubaki. Analia, anasema, "Mama, ukiniacha wataweka mtu mwingine juu." Sasa haniongeleshi. Baba kaninunia, mtoto kaninunia, na mimi ndiye nimekuwa mbaya wa nyumba.

Nisaidie. Na kama nafasi ipo, niambie pia kuhusu shemeji yangu: kuna mtu anamwahidi mkataba wa maonesho Dubai kuanzia Oktoba, anataka kwanza laki nane za viza.

Ni mimi, Mama wa Ngoma, Temeke.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Binti asiende Dodoma, wala Singida, wala Tabora. Abaki Temeke, aende shule kila siku mpaka amalize karatasi ya mwisho Septemba, na wewe ubaki naye. Usimpeleke kwa ndugu wala kwa jirani. Baki wewe mwenyewe, ngoma apige mtu mwingine.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na pale ulipoandika kwamba mtoto anashindwa kukamua nguo ndipo nilipoamua. Mtoto wa miaka 13 bado anarefuka. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambako mfupa unakulia, na ile ya kifundo cha mkono ndiyo inayobeba mwili wake wote anaposimama kwa mikono. Ikikandamizwa kila siku bila kupumzishwa inaumia, na ikiendelea kuumizwa inaweza kuacha kukua kabla ya wakati, mfupa mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Mgongo nao una yake. Kuukunja kwa nyuma tena na tena, mwezi baada ya mwezi, kunaweza kutia ufa kwenye pingili za kiunoni. Wacheza jimnastiki na makocha wao wanalijua vizuri tatizo hili. Mara nyingi linapona, lakini linapona kwa kupumzika, tena kwa wiki na miezi. Dawa ya kuchua inanyamazisha maumivu tu. Mtoto anajisikia vizuri, anapanda tena, na kilichoumia kinazidi kuumia.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujagombana na mtu yeyote tena, mpeleke hospitali ya Temeke. Mweleze daktari waziwazi anachofanya: anasimama kwa mikono, anakunja mgongo, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Usiposema, atadhani mtoto kateleza bafuni, atampa vidonge mrudi nyumbani. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Na mpaka daktari aseme, asisimame kwa mikono hata sebuleni.

Mume wako aende naye. Hili nalisisitiza. Mtu ambaye hajawahi kumwangusha mwanawe hata mara moja ni mtu anayejali, na kila siku uwanjani anaishi na hofu ya kumwangusha. Wewe umemwendea na habari za mtihani, yeye akasikia kwamba unadharau kazi yake. Mwendee na mkono wa mtoto. Mwambie amshike kifundo, amwombe akamue taulo lililolowa maji mbele yake, aone mwenyewe. Umri huu pia watoto wanaongezeka kimo na uzito kwa haraka, na mizani yote inabadilika. Mdogo wake anayempokea juu amezoea mwili wa mwaka jana. Hayo mume wako anayajua kuliko mimi, hajapata tu mtu wa kumkalisha akayatazama.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa sababu siandiki kama mtu anayeona sarakasi ni uhuni. Sarakasi ya nchi hii ina heshima yake. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China wakafundishwa kwa miaka kadhaa, na waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa mwaka 1969. Baadaye ndiyo zikaja enzi za vikundi vya sanaa kama Muungano, Mandela na TOT, watu wakijaa kumbini kuona ngoma, taarab, kwaya, vichekesho na sarakasi jioni moja. Mjomba wa mume wako ametoka humo. Mwulize. Atakwambia sarakasi ilikuwa na nafasi yake ndani ya orodha ndefu, na haikuachwa ibebe jioni nzima peke yake, sembuse mtoto mmoja wa Darasa la Saba.

Hapo ndipo kosa la kikundi chenu lilipo, na nalisema kwa upendo. Kampuni ile haikukodi kikundi. Imemkodi binti yako, ninyi wengine mmeongezwa. Leo ni kifundo cha mkono, kesho homa, keshokutwa atakuwa na miaka 15 na mwili mwingine kabisa, na siku hiyo familia nzima itakosa unga. Onyesho lisilosimama bila mtoto mmoja limejengwa vibaya, hata kama tunzo ni nyingi. Mume wako ni mtu wa piramidi, anajua uzito unatakiwa kukaa wapi.

Na wenye kubeba mnao. Kuna baba, kuna kijana wa miaka 22, kuna kijana wa miaka 18. Watu wazima watatu wanaojua kazi wanaweza kuwashika watu wa Nzuguni kwa nusu saa. Viti vinavyopangwa juu ya chupa, huku kijana akipanda kimoja kimoja na uwanja mzima umeshika pumzi. Baiskeli ya tairi moja. Sahani za kuzungusha. Kupita chini ya fimbo ya moto jioni inapoingia. Ongezeni kijana mmoja mtu mzima kutoka kwa hawa wanaofanya mazoezi ufukweni Coco Beach, yuko atakayefurahi kupata kazi ya mwezi, na mlipeni kwa haki. Ongezeni na vichekesho. Mkulima aliyesafiri kutoka Kongwa kuja kuona mbegu anapenda kucheka kama anavyopenda kushangaa, na mtu aliyecheka anabaki bandani kusikiliza. Hicho ndicho kampuni inachokilipia: watu wabaki bandani.

Jihadhari na jambo moja hapa. Kuna kitinda mimba wa miaka minane. Binti akibaki na kampuni ikisisitiza kwamba lazima awepo mtoto, macho yote yatamgeukia huyo. Naye asipande. Mtoto wa miaka minane asiyezoea kusimama juu, kwenye vumbi na upepo wa Dodoma wa Agosti, mara nne kwa siku! Hapana. Yeye naye ana shule, kwa hiyo abaki na wewe.

Mume wako aende kwa kampuni mapema, asisubiri afike Nzuguni ndipo aseme. Awaambie mtoto ana maumivu na ana mtihani, hivyo kikundi kinakuja na onyesho la watu wazima, waje walione mazoezini kabla hawajaamua. Wanaweza kupunguza bei, na akubali wapunguze. Wanaweza kukataa kabisa, na hilo nalo mjiandae kwalo. Viwanja vya Nane Nane vina mabanda mengi na kila banda linatafuta wa kuvuta watu. Wakikubali, kila kitu kiandikwe: maonyesho mangapi kwa siku na kila moja dakika ngapi, nani analipa mafuta na malazi, eneo la kuchezea liwe na mikeka mizito, nusu ya fedha itangulie kabla Hiace haijawashwa. Maonyesho manne kwa siku kwa siku nane mfululizo ni mengi hata kwa vijana. Mimi ningeomba matatu. Asubuhi za Dodoma mwezi wa nane zina baridi, misuli iliyopoa inachanika, kwa hiyo lile la kwanza lisianze kabla watu hawajapata muda wa kutosha wa kupasha mwili. Na kama kikundi hakijasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kisajilini. Kikundi chenye cheti kinasikilizwa tofauti mezani.

Kuna na sheria, ambayo nakupa uijue, siyo ukamtishie nayo mwenzako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa kuanza ajira kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia shule, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mume wako atasema binti hajaajiriwa na mtu, anacheza na baba yake. Kwa mchezo wa siku ya Idd mnaweza kubishana mpaka kesho. Lakini kampuni inayoweka sharti kwamba mtoto wa miaka 13 awepo mara nne kwa siku, mwezi mzima, siku za shule, hiyo ni kazi kwa jina lolote utakaloipa. Afisa ustawi wa jamii akipita pale bandani, atakayeulizwa ni baba mwenye saini.

Kuhusu kusomea kwenye gari, nisiseme mengi. Agosti ndio mwezi wa mwisho kabla ya mtihani wa Darasa la Saba, walimu wanarudia maswali, kuna mitihani ya majaribio, na mtoto anafanyia mtihani wa taifa pale pale alipoandikishwa. Hiace ikiharibikia Manyoni siku mbili kabla, mwaka mzima umekwenda. Na faida ya kufaulu ni kubwa kuliko zamani, kwa sababu tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazina ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Mwalimu aliyekuita kwa hiari yake kukuambia kwamba mtoto anaweza, mshukuru. Mrudie umwambie binti atakuwepo, na umwombe akuonyeshe somo analopwaya.

Kipande kinachofuata naomba umsomee binti yako mwenyewe, tena mkiwa wawili tu.

Binti yangu, mama yako ameniambia unachokifanya kule juu, na nakuheshimu. Watu wazima wengi hawathubutu hata kupanda ngazi ya kupaka rangi. Najua unaogopa kwamba ukishuka mara moja nafasi itakwenda. Lakini nafasi yako haichukuliwi na mtu kwa mwezi mmoja. Inachukuliwa na jeraha ambalo halikutibiwa. Mkono unaoficha ndani ya vazi ndio unaoweza kukutoa juu moja kwa moja. Kuna chuo Bagamoyo, TaSUBa, kilianza mwaka 1981, ambako vijana wanasomea sanaa za jukwaani na sarakasi ikiwemo, wanacheza kwenye tamasha la kila mwaka mbele ya wageni wa nchi nyingi. Wanaoingia pale wanaulizwa cheti cha kidato cha nne. Njia ya kwenda kule inaanzia kwenye mtihani huu wa Septemba. Ukimaliza karatasi ya mwisho, na daktari akiridhika, utarudi mazoezini. Mwambie baba akuahidi hilo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya kaka yako na baba yako mdogo. Na mwambie baba ukweli wa mkono wako. Anakupokea kila siku, anastahili kujua anampokea mtu anayeumia wapi.

Narudi kwako, mama. Hiyo ahadi mume wako lazima aitoe kweli na aitimize, la sivyo binti hatakuamini tena. Akirudi, labda Desemba, arudi kwa masharti mapya, kwa sababu aliyekuwa mtoto mdogo sasa ni msichana. Vazi liwe suruali ndefu ya kubana kiasi na juu yenye mikono, kitambaa kisichoangaza. Wewe ni fundi, hilo liko mikononi mwako. Kamba izungushwe kuacha nafasi kati ya watazamaji na mikeka, na baba atangaze kwa kipaza sauti kabla ya onyesho kwamba hapigwi mtu picha kwa karibu. Anayekaidi, onyesho linasimama mpaka aondoke. Ukifanya hivyo viwanja viwili vitatu, watu watajua. Maonyesho ya usiku asicheze. Tena ule mchezo wa kukunja mgongo mbele ya kundi la wanaume uondoeni kabisa kwake, daktari aruhusu asiruhusu. Kuna mambo mengi mazuri anayoweza kufanya akiwa amesimama.

Vyumba vya kulala safarini ni lazima viwe viwili. Hata kama ni gesti ya bei ya chini kabisa, wewe na binti mnalala chenu. Husemi hivyo kwa kumshuku shemeji, na wala huhitaji kumshuku. Msichana wa umri wake anahitaji pa kuvaa na kuvua bila kugeukia ukuta. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kila kazi kama mnavyoingiza mafuta.

Halafu kuna fedha. Umeandika kwamba noti zinamwagika yeye akichomoa bendera. Je, yeye amewahi kushika hata moja? Mfungulie akaunti ya mtoto benki, na kila kazi atakayofanya weka fungu lake humo, baba akiwepo na akiona. Hili litamtuliza binti kuliko maneno yako yote, na litamfanya baba ahesabu kazi ya mtoto kuwa kazi.

Lile swali la hela ulikuwa unakula za nini, lilikuchoma, nimeliona. Usilijibu kwa hasira. Ulikuwa unapiga ngoma, unashona, unapika njiani, unabeba viti. Ulikula jasho lako. Mwambie hivyo kwa upole, mara moja tu, na msirudie. Kisha mpigie simu yule mjomba wake. Mwite nyumbani siku ya Jumapili, pika vizuri, mweleze habari ya mkono wa mtoto mbele ya mume wako, na uache mzee aseme. Mtu aliyeruka miaka mingi anajua wangapi wa rika lake leo wanatembea kwa fimbo. Mume wako anaweza kukupuuza wewe na mimi na mwalimu, lakini aliyemfundisha kusimama kwa mikono hatampuuza. Ukimwita mwenyekiti wa mtaa au mshenga kwanza, utakuwa umemvua nguo bure.

Mtapungukiwa mwaka huu, sikufichi. Milioni tatu na nusu inaweza kuwa mbili, au isiwepo kabisa. Wewe ukibaki Temeke una cherehani. Julai na Agosti ni msimu wa sherehe, watu wanashona sare za harusi na za send-off, anza kuulizia sasa.

La mwisho ni la shemeji. Mtu anayedai laki nane za viza kabla ya kuonyesha mkataba, asipewe hata shilingi. Maonesho ya Dubai ya kuanzia Oktoba yapo kweli na wasanii wa Afrika wanakwenda, ndiyo maana matapeli wanapenda kuyataja. Shemeji aombe mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara, malazi, bima ya kuumia na tiketi ya kurudi. Aende nao TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, aulize kama huyo mtu amesajiliwa kupeleka watu nje, na apite BASATA kwa kibali cha msanii anayesafiri. Asikubali kwenda kwa viza ya matembezi akaambiwa ya kazi atabadilishiwa huko huko. Kama mkataba ni wa kweli, mwenye nao hatakasirika kuulizwa. Akianza kumharakisha, kwamba ndege ni Ijumaa na nafasi ni moja, amzuie namba yake ya simu na aendelee na mazoezi ya viti.